Nyuzi 40 kwa 15, Lakini Kutoka Wapi?

Kijana aliyekuwa akisimamia zoezi alinivalisha machoni kile kifaa cha uhalisia pepe, miwani inayoonyesha chumba kilichoumbwa na kompyuta, akakaza mkanda wake juu ya kilemba changu, akaniambia nisiogope kwa sababu mgonjwa aliyelala mbele yangu hana damu wala ndugu wa kulalamika. Ukumbi wa mafunzo ukatoweka. Nikajikuta nimesimama ndani ya chumba cha upasuaji, mbele ya nyonga iliyokwisha kufunguliwa na tundu lake kuchimbwa likawa duara safi, huku mkononi nimeshika mpini mrefu wenye kikombe cha chuma nchani, kile kinachokuwa tundu jipya la nyonga bandia. Kazi yangu ilikuwa kukielekeza kikombe panapostahili, kisha kugonga.

Niligonga. Kitetemeshi cha mkononi kikanguruma kidogo, na maandishi yakajitokeza hewani upande wa kulia: mwinamo 46, mgeuko wa mbele 11. Ya kwanza ni nyuzi za jinsi kikombe kilivyosimama au kulala, ya pili ni jinsi mdomo wake ulivyoelekea mbele. Tarakimu zote mbili zilikuwa za kijani.

"Hongera, dada. Umefaulu."

"Hizi nyuzi zimepimwa kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye nyonga yenyewe," alinijibu, na tayari alikuwa anamwita aliyefuata kwenye foleni.

Jibu hilo limenisumbua kwa wiki kadhaa. Mimi si daktari wa upasuaji. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, na mgonjwa hunifikia siku inayofuata, akiwa na fremu ya kutembelea mbele yake na makatazo mengi masikioni mwake. Lakini yeyote aliyewahi kuitwa wodini kumwona mtu ambaye nyonga yake bandia imeteguka, mguu umefupika na vidole vimegeukia ndani, anaelewa kwa nini swali la nyuzi chache za kikombe haliwezi kuachwa kwa madaktari peke yao.

Kijani kilikotoka

Rangi ile ya kijani ina umri wa karibu nusu karne. Mwaka 1978 daktari wa mifupa Lewinnek na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyonga bandia 300. Vikombe vilivyokuwa na mwinamo wa nyuzi 40 na mgeuko wa mbele wa nyuzi 15, kwa ruhusa ya nyuzi 10 juu au chini katika kila kipimo, viliteguka kwa asilimia 1.5. Vile vilivyokuwa nje ya mipaka hiyo viliteguka kwa asilimia 6.1. Tofauti ni kubwa, sentensi ni fupi, na tarakimu ni rahisi kukariri. Si ajabu kwamba tangu wakati huo kila anayetengeneza kifaa cha kupima kikombe, awe mhandisi wa roboti au mwandishi wa programu ya uhalisia pepe, huanza kwa kuchora mipaka hiyo miwili kama mraba.

Lakini katika nyonga zile 300, zilizoteguka zilikuwa tisa.

Nyonga tisa ndizo zilizochora mpaka tunaoutumia hadi leo. Sisemi hivyo kwa kuwadharau waliofanya kazi ile, kwa maana walikuwa wa kwanza kuuliza swali hilo kwa utaratibu, na walipima kwa eksirei za zama zao. Nasema tu kwamba mpaka uliochorwa kwa matukio tisa hauwezi kubeba uzito wa neno "umefaulu".

Mwaka 2016 madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani waliligeuza swali. Badala ya kuuliza ni vikombe vingapi vya nje ya mpaka vilivyoteguka, waliziendea nyonga 206 zilizokwisha kuteguka, wakapima vikombe vyake vilikaaje. Asilimia 58 vilikuwa ndani ya mpaka wa Lewinnek. Zaidi ya nusu ya watu hao, kama wangefanyiwa upasuaji katika ule mchezo wangu wa ukumbini, wangepewa kijani na hongera.

Hapa kuna kishawishi cha kusema kwamba nyuzi hazina maana. Sikubaliani nacho. Kikombe kilichosimama wima kupita kiasi hubeba uzito kwenye ukingo, plastiki yake ikalika mapema. Kilichogeukia nyuma humsukuma mgonjwa kwenye hatari kila anapoinama. Ninachokitilia shaka ni ule mraba mmoja kuwa jibu la kila mwili.

Mkono unaodhani unaona

Kabla sijaendelea na lawama, ni haki kusema kwa nini kifaa hiki kinahitajika.

Mgonjwa hulazwa kwa ubavu, akafunikwa mashuka hadi kinachobaki ni dirisha dogo la ngozi lisilozidi sana kiganja cha mkono. Mbavu hazionekani, mguu wa pili hauonekani, na ile mifupa ya kiunoni ambayo ingesaidia kukisia mwelekeo iko chini ya kitambaa. Daktari anashika mpini, anautazama kwa jicho, anaulinganisha na sakafu au na ukuta wa chumba, anaamua. Wapo wanaotumia fimbo ya chuma iliyopachikwa kwenye mpini. Wapo pia wanaofuata ule ukano unaovuka sehemu ya chini ya tundu la nyonga, ambao mgonjwa amezaliwa nao, na binafsi naona hao wana busara kwa sababu ukano huo huenda kokote nyonga inakokwenda.

Jicho hukosea hata la mtaalamu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 kutoka hospitali kuu ya Massachusetts, Boston, ulipima vikombe 1,823. Waliolenga walikuwa madaktari wa mji wenye kila kifaa. Vikombe vilivyoangukia ndani ya mipaka yote miwili waliyojiwekea, mwinamo kati ya 30 na 45 na mgeuko kati ya 5 na 25, vilikuwa asilimia 50.

Nusu tu.

Ndiyo maana matokeo ya Imperial College London ya mwaka 2019 yanastahili kusomwa polepole. Madaktari 24 waliokuwa bado mafunzoni waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilijifunza kwa njia za kawaida, jingine likaongezewa mazoezi ya uhalisia pepe, kisha wote wakafanya upasuaji wa kubadilisha nyonga kwenye maiti zilizotolewa kwa ajili ya mafunzo. Waliofanya mazoezi ya uhalisia pepe walikosea mwelekeo wa kikombe kwa wastani wa nyuzi 4. Wenzao walikosea kwa nyuzi 16.

Watu wengi wanaishia kwenye wastani huo. Mimi nilishikwa na tarakimu zilizouandama, yaani mtawanyiko: nyuzi 6 kwa kundi la kwanza, nyuzi 17 kwa la pili. Mkono unaokosea kila siku kuelekea upande ule ule, kwa kiasi kile kile, unaweza kurekebishwa kwa neno moja la mwalimu. Mkono ambao leo unalaza kikombe na kesho unakisimamisha haufundishiki kwa urahisi, na mgonjwa anayeangukia siku mbaya hana namna ya kujua. Mafunzo yale yaliukusanya mkono uliotawanyika, na hilo ni jambo ambalo mwalimu aliyesimama pembeni ya meza, akiona mgongo wa mwanafunzi na ncha ya mpini, hawezi kulipima kwa macho.

Mwaka huo huo watu wa chuo hicho walijaribu jambo jingine kwa wanafunzi wa udaktari. Safari hii kifaa cha machoni hakikufunika chumba, bali kiliweka picha ya mwelekeo sahihi juu ya kile ambacho mwanafunzi alikuwa anakitazama. Picha ikiwepo, walikosea kwa takribani nyuzi 1, ilhali waliofundishwa na daktari ana kwa ana walikosea kwa nyuzi 6. Kwenye jaribio la mwisho, picha ilipoondolewa, makundi mawili yalikuwa sawa.

Kwangu hilo halikuwa pigo kwa kifaa. Lilikuwa pigo kwa wazo la kwamba tarakimu nzuri wakati wa mazoezi ni ushahidi wa ustadi. Na lilikuwa sifa kwa walimu wa kibinadamu, ambao bila kifaa chochote waliwafikisha wanafunzi wao mahali pale pale.

Nyonga moja, majibu matatu

Nirudi kwenye swali langu la ukumbini, kwa sababu nilipoanza kulifuatilia niligundua kwamba halikuwa la kijinga.

Mwaka 1993 Murray, daktari wa mifupa wa Uingereza, alionyesha kwa hesabu kwamba mwelekeo wa kikombe unaweza kuelezwa kwa namna tatu, zote halali, na zote zikatoa tarakimu tofauti kwa kikombe kile kile. Ipo namna ya eksirei, ipo namna ya daktari anayekitazama kikombe akiwa mezani, na ipo namna ya anatomia inayofuata mhimili wa tundu lenyewe. Nilichukua kalamu nikafanya hesabu. Kikombe ambacho kwa eksirei kina mwinamo wa 40 na mgeuko wa 15 kinakuwa takribani 38 kwa 19 kwa macho ya daktari, na takribani 42 kwa 23 kwa anatomia.

Kikombe hakijasogea hata unywele.

Mwinamo haubadiliki sana. Mgeuko ndio unaotoka 15 hadi 23, na tofauti ya nyuzi 8 inakaribia ruhusa nzima ya upande mmoja ambayo Lewinnek aliitoa. Programu ya uhalisia pepe ikipima kwa anatomia halafu ikatoa hukumu kwa mraba uliotokana na eksirei, inaweza kumwambia mwanafunzi mzuri kwamba amezidisha, naye atajifunza kwa bidii kupunguza kile ambacho hakikuwa kimezidi.

Na eksirei yenyewe ina hila zake. Mdomo wa kikombe ni duara, lakini kikigeuka mbele huonekana kwenye picha kama yai. Ukipima upana mfupi wa yai hilo ukaugawa kwa urefu wake, hesabu inakupa nyuzi za mgeuko. Nimewahi kukaa na mfanyakazi mwenzangu wa idara ya picha tukalipima yai la namna hiyo kwenye kompyuta, kila mmoja kwa zamu yake, na ukingo ulivyokuwa na ukungu tulipishana nyuzi kadhaa. Zaidi ya hapo, picha moja ya mbele haiwezi kukuambia kama kikombe kimegeukia mbele au nyuma, kwa maana yai ni lile lile. Kipimo cha CT, kinachopiga picha za mwili tabaka kwa tabaka, kinaondoa utata huo, kwa gharama na kwa mionzi.

Katika uhalisia pepe hakuna ukungu wala yai. Kompyuta inajua mpini ulipo kwa kuwa vihisi vyake vinaufuata, na inaijua nyonga kwa kuwa ndiyo iliyoiumba. Pembe kati ya viwili hivyo ni hesabu tupu, isiyo na makosa.

Ukuta unaocheza

Hesabu isiyo na makosa ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi.

Fundi mwashi akiweka pima maji juu ya tofali, anaamini jambo moja ambalo halisemi: ukuta umetulia, na dunia iliyo chini yake imetulia. Daktari wa nyonga hana ukuta wa namna hiyo. Mgonjwa aliyelazwa kwa ubavu hubingirika kidogo kuelekea mbele kadiri vyuma vya kuvutia nyama vinavyovutwa, na hakuna kengele inayolia. Wapo wanaobandika simu kwenye mpini ili programu yake iwaonyeshe mwinamo. Nayo ni pima maji tu, inaijua sakafu, haimjui mgonjwa.

Hata mgonjwa akifungwa asisogee kabisa, maisha yake hayatamfunga. Kuna bapa ambalo wapimaji wengi hulitumia kama msingi: zile ncha mbili za mfupa unazozigusa mbele ya kiuno, pamoja na mfupa wa kinena. Bapa hilo halikai namna moja. Mtu mwenye kiuno kinachonyumbulika akitoka kusimama kwenda kuketi kitini, fupanyonga lake huegemea nyuma kwa takribani nyuzi 20, na kila nyuzi moja ya kuegemea nyuma humwongezea kikombe takribani nyuzi 0.7 za mgeuko wa mbele. Kikombe kilichokuwa 15 akiwa amesimama kinakaribia 29 akiwa ameketi.

Yaani kimetoka nje ya kijani, na kutoka huko ndiko kunakomlinda, kwa sababu mdomo wa kikombe umefunguka mbele kumpisha mfupa wa paja unaopanda.

Sasa mchukue mtu ambaye pingili zake za kiuno zimeunganishwa kwa vyuma, au zimekakamaa kwa ugonjwa. Akiketi, fupanyonga haliegemei. Mfupa wa paja unagonga ukingo wa mbele na kichwa kinachomokea nyuma. Kikombe chake ni 40 kwa 15, na eksirei yake ya kulala ni nzuri kiasi cha kuwekwa kwenye kitabu. Ninaamini sehemu ya wale asilimia 58 wa Mayo wako hapa, ingawa ripoti ile haikuwagawa kwa namna hiyo.

Mama na mbuzi ya nazi

Mengi ya haya yaliandikwa kuhusu watu wanaoketi vitini.

Nchini Uingereza, anayebadilishiwa nyonga kwa kawaida anakaribia miaka 70, na sababu kubwa ni kulika kwa kiungo kutokana na umri. Malawi, ambayo imekuwa na rejista yake ya viungo bandia tangu mwaka 2005, sababu inayoongoza ni kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu, na wagonjwa ni vijana zaidi. Hali hiyo tunaifahamu vizuri huku kwetu, kutoka hospitali ya Muhimbili hadi ile ya Kikuyu nchini Kenya: watu wenye selimundu, watu wanaoishi na VVU, watu waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Wana miaka mingi ya kuishi na nyonga hiyo, na hawataishi wakiwa wamekaa kwenye sofa.

Mzee mmoja niliyemhudumia aliniitikia shikamoo yangu, akasikiliza makatazo yote hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, nitasujudu lini?" Mama mwingine hakuuliza kuhusu kutembea kabisa. Alitaka kujua kama atarudi kwenye mbuzi ya nazi. Nikamwomba anionyeshe, kwa kigoda kifupi cha mazoezi, namna anavyokaa akikuna.

Alikaa kwa miguu yote miwili kuegemea upande mmoja, magoti pamoja, kama wanawake wengi wa Pwani wanavyokaa kwa heshima. Mguu wa juu ulivuka mstari wa katikati ya mwili na paja lilizungukia ndani, huku kiwiliwili kimeinamia mbele kuelekea sinia. Nyonga imekunjwa kupita nyuzi 90, imevuka, imezungukia ndani. Ukimwambia mwanafunzi wa mwaka wa tatu ataje mikao mitatu inayotegua nyonga bandia kwa nyuma, atataja hiyo mitatu, na mama yule alikuwa ameikusanya yote katika mkao mmoja wa kazi ya saa kumi jioni.

Tulikubaliana mbuzi ipandishwe juu ya benchi, magoti yatanuliwe, na khanga ya pili ifunike kinachopaswa kufunikwa. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, kwa kweli, kunanitia hofu ndogo kuliko kigoda, kwa kuwa anayechuchumaa kwa kawaida hutanua magoti. Hatari ni wakati wa kuinuka, mtu anapoinamia mbele na fupanyonga likarudi mbele pamoja naye.

Hakuna lolote kati ya haya lililokuwamo ndani ya kifaa kile. Nyonga ya uhalisia pepe ililala pale ilipowekwa, haikuwahi kuketi, haikuwahi kusujudu, na haikuwa na mgongo.

Niliyoyaomba

Niliwaandikia waandaaji. Niliuliza kwanza programu inatumia namna ipi kati ya zile tatu za Murray. Walijibu kwa upole na haraka: ni namna ya eksirei, na imeandikwa kwenye ukurasa wa mipangilio ambao mwanafunzi hauoni. Basi mraba na kipimo vinapatana, nami niliridhika, ingawa nimewaomba maandishi hayo yahamie mbele ya macho, pembeni ya tarakimu.

Ombi la pili lilikuwa waache kuonyesha kijani, au angalau waonyeshe mtawanyiko wa mapigo yote ya mwanafunzi badala ya hukumu ya pigo moja. Hilo wamesema linawezekana, kwa kuwa takwimu zote zimehifadhiwa tayari. Kusema kweli, hapo ndipo ninapoona thamani halisi ya kifaa, hasa kwetu. Miwani ya uhalisia pepe inayouzwa madukani hugharimu dola mia chache. Roboti ya upasuaji haiko katika mazungumzo. Daktari kijana wa Mbeya au Mwanza anaweza kugonga vikombe hamsini vya hewani kabla ya kushika cha kwanza cha chuma, na mwalimu wake akaona mkono wake unavutwa upande gani. Atakachokikosa ni mlio. Madaktari hunisimulia kwamba kikombe kinapokaa sawasawa mlio wa nyundo hubadilika, na mtetemo wa plastiki mkononi haujui siri hiyo.

Ombi la tatu ni nyonga inayosogea: fupanyonga na uti wa mgongo kutoka kwenye CT ya mgonjwa halisi, vikionyeshwa amelala, amesimama, ameketi, amechuchumaa, amesujudu, ili daktari akiwa bado hajanawa mikono aone kikombe chake kinaelekea wapi katika kila mkao. Pengine ataona hakuna nyuzi zinazomtosheleza mgonjwa huyo, akachagua kikombe chenye mizunguko miwili, kile kilichobuniwa na Gilles Bousquet wa Saint-Étienne, Ufaransa, miaka ya 1970, ambacho hukabili kuteguka kwa umbo lake badala ya kutegemea pembe peke yake. Waandaaji wamejibu kwamba hilo halimo katika toleo lao.

Kwa upande wetu nimeiomba idara ya picha iongeze eksirei ya pembeni ya mgonjwa akiwa ameketi, kabla ya upasuaji. Wamekubali kwa wale waliowahi kufanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo. Kwa waliobaki wameuliza nani atalipia, na suala hilo limepangwa kwenye kikao cha idara cha mwezi ujao.